Mstafeli Uliooshwa Mizizi

Mama alipofariki, baba alikataa katakata kuhama Michenga. Nilimbembeleza mwaka mzima aje tuishi wote Ifakara, kwenye nyumba yangu mpya yenye uwanja mtupu nyuma. Mwishowe akakubali kwa sharti moja: nihamishie huko mstafeli ambao mama aliuotesha kabla hajaugua. Ulikuwa unanifika kiunoni.

"Ukishika, nitakaa," alisema. "Ukifa, narudi kwangu."

Nikaenda kuuchukua mwenyewe. Nimepandikiza mpunga tangu utotoni, nani angenifundisha kuhamisha mche? Nilipouchimba nikaona bonge la udongo ni zito mno kwa bodaboda. Basi nikafanya kama tufanyavyo kwa miche ya mpunga: nikaisuuza mizizi kwenye ndoo mpaka ikawa myeupe, nikaifunga kwa kamba ya mgomba, nikapakia. Njia nzima nilikuwa najisifu.

Baba alikuwa ametangulia Ifakara, ananisubiri kando ya shimo alilochimba uwanjani kwangu. Akaitazama ile mizizi.

"Udongo wake uko wapi?"

"Nimeuosha, baba."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kesho yake alipanda bodaboda hadi Michenga, akarudi na ndoo ya udongo wa pale mti ulipokuwa, akaumwaga shinani na kuushindilia kwa viganja. Ulipolowa ulinukia uwanja wetu wa zamani. Nikamkumbuka mama akila stafeli mlangoni, akitema mbegu kiganjani na kuzifukia popote, nasi tukimtania kwamba anatuoteshea msitu. Alikuwa anacheka mpaka kanga inamdondoka.

Mstafeli ukapukutisha majani yote. Baba aliumwagilia kila asubuhi, nami nikimwona dirishani najilaani kwa kiherehere changu.

Mwezi ulipopita bila hata chipukizi moja, uvumilivu ukaniishia. Nikatoka na jembe niung'oe, nipande mwingine wa kununua kabla baba hajaanza kufungasha nguo. Akanikuta hapo.

"Acha, mwanangu. Mama yako nilipomtoa Mahenge kumleta Michenga, msimu mzima hakucheka. Sikumrudisha kwao."

Nikabaki nimeshika jembe, machozi yananitoka. Yeye akamwagilia kile kijiti kikavu, akaweka ndoo chini, akaniambia nikienda tena Michenga nimletee kitanda chake.