Ijumaa Waliyogoma Kumsikiliza Kassim

Kassim Mrisho, mtu wa Pangani, alikuwa dereva wa nyumba moja kubwa pale Al Thumama, katika nchi za Waarabu, tangu mwaka 2006. Hakuwa shehe, ila Mungu alimpa kinywa. Kila Ijumaa, matajiri walipolala baada ya chakula cha mchana, madereva wa nyumba za jirani walijibana katika chumba chake kando ya gereji, wakanywa chai, naye akawahadithia maisha ya Sayyidna Omar: alivyoupinga Uislamu kwa ukali kabla ya kuupokea, na alivyobeba unga mgongoni mwake, khalifa mzima, kumpelekea mama aliyekuwa akichemsha maji matupu ili kuwahadaa watoto wenye njaa. Kassim alimpenda Omar kama babu yake mzaa baba. Na kumpenda mtu mwadilifu ni kazi nyepesi, mpaka uadilifu utakapotakiwa kwako.

Kwake ulitakiwa mwezi wa tano, 2011. Miaka minne hakuwa amefika kwao. Mama yake, Bi Hidaya, macho yalikuwa yakizimika, na kwenye simu aliuliza swali lile lile: utakuja ningali nakuona? Tiketi ilikuwa tayari. Ilibaki saini ya mwajiri kwenye kibali cha kutoka nchini, ambacho wenyewe hukiita kharuji. Bila hicho mfanyakazi havuki uwanja wa ndege. Baba, kama walivyomwita mwenye nyumba, aliahidi kutia saini wiki ile.

Jumanne, Jasim, mwana wa mwenye nyumba, alimchukua kozi, ndege wa kuwindia wa baba yake, akawaonyeshe rafiki zake Al Wakrah. Yule kozi alikuwa na chumba chake chenye kiyoyozi na daktari wake, na miezi hiyo ya joto, anapobadilisha manyoya, hatolewi hata mlangoni. Kassim alijua hivyo, na bado akaendesha. Walipofika, Jasim alimtuma chai, akazima gari, akalifunga, akaondoka na funguo kwenda kuwaita wenzake. Aliporudi nao, Kassim alikuwa amesimama nje na vikombe mkononi, akichungulia kiooni. Kozi alikuwa amelala ubavu, amekufa kwa joto.

Jasim alimrudisha ndege chumbani mwake, akamlaza chini ya kigingi, akazima kiyoyozi. "Wewe hukuona kitu," alimwambia Kassim. Kassim akainamisha kichwa.

Aliyefagia chumba kile ni Arafa, binti wa Muheza, na lawama ikamwangukia yeye. Aliapa hakugusa swichi, asisikilizwe. Wakachukua simu yake, wakamfungia chumbani kwake ghorofani, angoje kurudishwa kwa wakala. Kila Kassim alipoosha gari, dirisha la Arafa lilikuwa juu ya kichwa chake. Alijiambia atasema kharuji ikishatiwa saini. Kisha akaona ni afadhali apige simu akiwa Pangani. Huo ulikuwa uoga, na aliuvika nguo ya subira.

Ijumaa ikafika. Siku hiyo hadithi ilikuwa ya vitambaa vya Yemen. Kila Mwislamu alipata kimoja, kisichotosha kanzu ya mtu mrefu, na Omar, pandikizi la mtu, akapanda mimbari na kanzu kamili. Akasema, sikilizeni. Salman, mmoja wa masahaba, akasimama: hatusikii, mpaka utueleze cha pili umekipata wapi. Omar hakukasirika. Alimwita mwanawe, naye akashuhudia kwamba fungu lake alimpa baba yake.

Mzee Suleimani, dereva wa Kiunguja wa nyumba ya pili, aliweka kikombe chini, akasimama.

"Basi na sisi leo hatusikii, Kassim."

Watu wakacheka. "Kaa, mzee, chai inapoa," mmoja akamtania.

"Jumanne tulisimama sambamba kwenye taa, ukielekea Al Wakrah. Ulikuwa na kozi kwenye gari. Na mtoto wa watu amefungiwa hapo juu kwa ajili ya kozi huyo. Tueleze kwanza."

Kicheko kilikatika. Kassim aliwatazama mmoja mmoja, na hakuna aliyemsaidia.

"Kharuji yangu, mzee wangu. Mama anapofuka."

"Najua. Hata mimi ningenyamaza," alisema Suleimani. "Lakini mimi siwahadithii watu habari za Omar."

Kassim alivaa kofia yake, akaenda kumgongea Baba, akasema yote. Jasim aliitwa, akabaki kutazama zulia. Kabla ya magharibi Arafa alifunguliwa.

"Ungekuja Jumanne, kozi asingefufuka," Baba alimwambia Kassim, "lakini ningejua nina dereva wa namna gani. Kharuji ingoje kwanza."

Tiketi ikapita. Arafa alimkuta mlangoni mwa jikoni. "Kaka Kassim, siku zote hizo dirisha langu ulikuwa unaliona?" Akajibu ndiyo. Arafa alipokea jibu, akaendelea na kazi, wala hakumshukuru.

Ijumaa iliyofuata madereva walijaa kama kawaida. Kassim alisita kuanza, mpaka Suleimani aliposema, "Sasa sema, tunasikia."

Kharuji ilitiwa saini mwaka uliofuata. Bi Hidaya alimpokea mlangoni kwa mikono, akampapasa kutoka kipajini hadi kidevuni, polepole, akasema mwanawe amekonda.