Mama Simu na majina mia saba yaliyofutwa

Saa moja na robo asubuhi, simu mbili zinalia kwa pamoja juu ya meza moja. Mama Simu anazipokea zote, moja sikio la kulia, nyingine la kushoto.

"Wewe subiri kidogo, baba. Na wewe fundi, umefika wapi? Getini? Usipige honi! Mlinzi wa hapo ukimpigia honi anakuacha juani mpaka uchoke. Shuka, msalimie vizuri, mwambie nimekutuma mimi."

Dakika haijaisha, ujumbe unaingia: geti limefunguliwa.

Hiyo ndiyo kazi yake, na ameifanya miaka kumi na tisa katika kampuni ya kutengeneza majokofu na vyumba vya baridi. Mafundi ni kumi na wanne, wateja mia nne na ushee. Friji ikifa mahali, yeye ndiye anayejua fundi yupi yuko karibu na nani apigiwe amfungulie. Fundi asiye na mtu wa kumfungulia mlango, anasema, ni mtalii mwenye mkoba wa spana.

Lakini chini ya simu hizo ipo barua ya onyo. Ina siku tisa pale. Mahali pa saini ni peupe, na Mama Simu anaapa patabaki peupe.

"Nikisaini nimekubali kwamba mimi ndiye niliyeharibu," anasema, akiigonga barua kwa kalamu mpaka ncha inatoboa karatasi. "Ya pili inakuja na kufukuzwa. Nina miaka hamsini na mbili. Nani ataniajiri?"

Zamani majina yote yalikuwa kwenye madaftari yake. Miaka mitatu iliyopita kampuni ilileta programu ya kompyuta ya kupangia mafundi kazi, na wapo waliosema mama huyu sasa basi. Aliwanyamazisha. Jumapili nne mfululizo alikaa sebuleni kwake na kompyuta ya kuazima, katikati ya vitambaa vya binti yake, ambaye ni fundi cherehani, akajifunza mpaka akaanza kuwafundisha mafundi wenyewe.

Karibu kila mteja alimwandikia watu watatu: anayeripoti tatizo, anayeshika ufunguo, na anayesaini kwamba kazi imekwisha.

"Hao si mtu mmoja," anasema. "Mwenye duka anakupigia yuko safarini. Ufunguo ameuacha kwa shemeji yake. Na shemeji haruhusiwi kusaini hata karatasi ya kufungia sukari."

Kila baada ya miezi mitatu huenda mwenyewe kwa wateja, mlango kwa mlango, kuhakikisha nani yupo na nani ameondoka. Kwa njia hiyo alikusanya majina 1,136.

Kisha akaja meneja mpya, kijana nadhifu, ambaye mafundi wanamwita Bwana Fagio akishageuka. Majina yale yalimkera.

"Mama, wateja mia nne, majina elfu na zaidi? Huu ni uchafu."

"Si uchafu, meneja. Ni watu."

"Watu gani wenye namba moja ya simu?"

"Simu ni ya mapokezi. Wanaoitumia ni watatu."

Bwana Fagio alicheka, akaenda zake.

Programu ile ina kitufe cha kuunganisha majina yenye namba inayofanana. Hulibakiza jina lililoandikwa zamani kuliko yote na kuyatupa mengine. Jumanne moja mchana kitufe kikabonyezwa. Majina 1,136 yakawa 429.

Zahanati moja ilikuwa miongoni mwa walioguswa. Muuguzi mkuu, karani na msimamizi wa stoo walikuwa wameandikwa kwa namba ya mapokezi. Jina la zamani kuliko yote kwenye namba hiyo lilikuwa la muuguzi aliyekwisha kustaafu, lililoachwa kwa ajili ya kumbukumbu, likiwa na namba yake ya nyumbani pembeni. Ndilo lililobaki.

Jumapili iliyofuata, siku ambayo Mama Simu hayuko kazini, jokofu la chanjo lilianza kupoteza baridi. Programu ikamtuma fundi na kumpa jina hilo moja.

"Mapokezi kumefungwa, nikapiga ile namba ya pembeni," anasimulia fundi huyo, ambaye wenzake wanamwita Barafu. "Bibi wa watu akapokea. Akaniambia, 'Mwanangu, mimi nilistaafu, niko shambani navuna mahindi.' Mlinzi wa siku hiyo ndiyo kwanza ameajiriwa, hajui ufunguo wa chumba cha chanjo uko kwa nani. Nilikaa pale saa mbili na nusu na mkoba wangu, kama mgeni aliyekosea siku ya harusi."

Mwenye ufunguo, muuguzi mkuu, anakaa nyumba ya tatu nyuma ya zahanati. Alikuwa anafua nguo.

Dozi 640 zikatupwa. Wiki nzima kina mama walirudishwa nyumbani, watoto mgongoni.

Jumatatu barua ikawa tayari, yenye jina la Mama Simu. Kwa nini lake? Kwa sababu kumbukumbu za programu zinaonyesha aliyebonyeza ni yeye.

Hapo ndipo sauti yake inapopanda mpaka watu wa chumba cha pili wanachungulia. Neno lake la siri lilikuwa limebandikwa chini ya kibodi, kwa amri ya meneja huyohuyo, "ili kazi isikwame."

"Alikaa kwenye kiti changu! Akatumia jina langu, halafu akalitumia tena kuniandikia barua. Huyu mtu analala vipi?"

Alipoulizwa, meneja alijibu kwa kifupi: "Mfumo haudanganyi. Jina lililopo ni lake."

Lakini mfumo huo uliandika pia saa: saba na dakika kumi na mbili mchana. Mama Simu alipoiona alikumbuka. Jumanne ile alikuwa kwenye mizunguko yake. Akaenda mpaka kwenye geti la zahanati ileile na kuomba kitabu cha wageni.

Mlinzi wa mchana alifunua kurasa akilowesha kidole. "Huyu hapa, dada. Umeingia saa saba kasoro kumi, umetoka saa nane kasoro dakika ishirini. Na hili duara ni la kikombe changu cha chai, uniwie radhi."

Aliupiga ukurasa huo picha, duara na yote. Ijumaa hii atasimama nayo mbele ya mkurugenzi.

Nyumbani, binti yake ana hofu. "Mama, si uombe radhi tu yaishe?"

"Niombe radhi kwa kosa la nani, mwanangu?"

Anachotaka ni barua ichanwe mbele ya mafundi wote kumi na wanne, maana walisomewa wote. Neno la siri analo jipya, na halijui mtu. Majina amekwisha kurudisha 212, kwa kuwapigia wenyewe mmoja mmoja, na amepanga kuyamaliza kabla ya mzunguko ujao. La kwanza lilikuwa la muuguzi mkuu.

Simu inalia. Ni mteja mpya, mwenye bucha. Mama Simu anamsikiliza, anaandika, kisha anauliza: "Na ufunguo, baba, uko kwa nani?"

Akimaliza anavuta barua kutoka chini ya simu na kuitia kwenye mkoba wake, tayari kwa Ijumaa.

"Pale kwa mkurugenzi nitasaini kitabu cha wageni," anasema. "Saa ya kuingia na saa ya kutoka. Hii, hapana."