Irabu Tano za Mwalimu Njuki

Mwalimu Naftaly Njuki alistaafu mwaka 1981, baada ya kuwachapa watoto wa kijiji cha Kibugu kwa miaka thelathini ili wakipende Kiingereza. Mkono ulipumzika, Kiingereza kikabaki. Alikuwa na daftari la jalada la kijani, na humo alikusanya maneno marefu ya Kiingereza yenye irabu zote tano, a, e, i, o na u, kila moja ikitokea mara moja tu. Neno likirudia irabu, hata likiwa na maana tamu kiasi gani, alilifukuza. Kushoto aliandika neno, kulia maana yake: "education", elimu, "cauliflower", mboga ya Wazungu, "mensuration", upimaji wa maumbo. Yalikuwa mia moja arobaini na matatu, na hakuna hata moja lililowahi kumchumia jani la chai.

Majani aliyachuma mkewe, Cicily. Kila asubuhi alibeba kikapu mgongoni akashuka shambani kwenye ukungu, huku mwalimu akibaki barazani na kamusi, akifanya kazi ngumu.

Aliyehitaji barua alimwendea yeye. Bundi, mwanakijiji mwenzake, alipotafuta kazi ya ulinzi, mwalimu alimwandikia kwamba ni mtu "importunate", yaani mwenye kuomba mpaka akuchoshe, tena "uncomplimentary", yaani asiyesifu mtu. Alieleza kwamba mlinzi mzuri ndivyo anavyotakiwa kuwa. Bundi hakupata kazi, lakini alitembea na nakala mfukoni mwaka mzima, akiwaonyesha watu.

Barua hizo zilihitajika zaidi kwa wagonjwa. Daktari wa zahanati alikuwa mgeni asiyejua Kiembu, na Kiswahili cha akina mama wengi kiliishia kwenye bei ya viazi. Kwa hiyo mgonjwa alikwenda na karatasi iliyokunjwa, imeandikwa na mwalimu, ikieleza kwa Kiingereza anaumwa wapi. Julai ya mwaka 1984, baridi ilipokolea, Cicily alianza kukohoa. Alikohoa wiki mbili huku akichuma. Siku aliyoshindwa kupanda kilima bila kushika ubavu, alimwomba mumewe barua.

"Andika nakohoa na kifua kinauma," alimwambia. "Hivyo tu, Baba Mutegi."

Hivyo tu! Mtu amekaa na kamusi miaka ishirini, aandike hivyo tu. "Cough" lilikuwa na irabu mbili, aibu kwa mtu wa hadhi yake. Akaandika kwamba mkewe ana "perturbation", maana yake fadhaa; kwamba pumzi yake ni "equivocal", maana yake haieleweki vizuri; na kwamba yeye mume anaomba "precaution", tahadhari. Aliisoma mara tatu, ikampendeza hata akajiwekea nakala.

Daktari aliisoma, akamtazama Cicily, akaona mama mwenye fadhaa. Cicily alikohoa mbele yake na kujishika kifua, lakini mwalimu alikuwa ameshasema, na nani abishane na mwalimu? Akapewa vidonge vya kutuliza moyo.

Alivimeza siku nne. Siku ya tano alianguka katikati ya michai, kikapu kikiwa bado mgongoni, midomo imebadilika rangi. Rwamba, jirani mwenye pikapu, aliwapeleka mjini. Njia nzima Njuki alikiweka kichwa cha mkewe mapajani, akimwita jina lake. Aliogopa, aliogopa sana, na maneno yake yote hayakumpa hata moja la kumwambia.

Daktari wa hospitalini, mwanamke asiye na maneno mengi, aliikuta ile barua kwenye leso ya mgonjwa, akaisoma mpaka mwisho.

"Mwalimu, huyu mama amekohoa tangu lini?"

Yapata wiki tatu, alijibu.

"Na mbona hukuandika hivyo?"

Jibu alikuwa nalo, ila halikuwa jibu la kumpa mtu mzima. Daktari aliandika neno moja kwenye kadi, akaitundika kitandani, na Njuki akalisoma: "pneumonia", yaani kichomi. Macho yakahesabu yenyewe kwa mazoea: e, u, o, i, a. Zote tano, kila moja mara moja. Neno zuri kabisa, halikuwemo daftarini, na lilikuwa limekaa nyumbani kwake wiki tatu nzima, likikohoa.

Siku tatu za kwanza hakuna aliyemwahidi lolote. Siku ya tisa Cicily aliweza kuketi na kunywa uji. Alimuuliza mumewe kukohoa kwa Kiingereza ni nini. Akamwambia.

"Ni refu?"

"Hapana. Ni fupi."

"Na ulikuwa unalijua?"

"Nilikuwa nalijua, Mama Mutegi."

Cicily alirudisha kikombe mezani, akalala akiuelekea ukuta.

Waliporudi nyumbani, Kibugu ilimwona mwalimu akichuma chai, tena vibaya mno, matawi kwa majani. Daftari hakulichoma wala hakulitupa. Neno la mia moja arobaini na nne ndilo la mwisho humo, "pneumonia", limeandikwa kwa mwandiko ule ule wa ubaoni. Upande wa kulia, mahali pa maana, ameandika: "Cicily aliniambia anakohoa."