Vidonge vya Bibi Mkaidi

Mtu asikudanganye kwamba wazee ni watu wapole. Niliendesha nyumba ya wazee mtaani Buyenzi katika miaka ya vita, miaka ile ya ambago, nchi ilipowekewa vikwazo, ambapo bei ya sukari ilibadilika kati ya asubuhi na adhuhuri, na nakuapia kwamba risasi zilizolia mtaa wa Kinama hazikuninyima raha kama wazee wangu. Mmoja hataki kukaa karibu na dirisha kwa sababu ya upepo, mwenzake hataki lifungwe kwa sababu ya joto. Chai ikitiwa tangawizi inawachoma, isipotiwa ni maji ya kuoshea vikombe. Mafundi magari wastaafu walikuwa na mazoea ya kulifungua kufuli la mlango wangu na kulitengeneza upya, eti nilinunua kufuli bovu. Na methali zetu zote ziko upande wao. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sawa, lakini nani amewahi kumtungia methali mdogo aliyepewa kazi ya kuwaamuru wakubwa?

Aliyenishinda kabisa alikuwa bibi mmoja, rafiki wa marehemu mama yangu. Alinibeba mgongoni nilipokuwa mchanga, jambo ambalo hakuchoka kulitangaza mbele ya watu kila nilipojaribu kumwambia kitu. Alikuwa na tansiyo, damu ilimpanda. Kila Jumanne muuguzi alikuja na kipimo chake, akawafunga wazee mkono mmoja mmoja, akaandika kwenye fishi, kadi zao za matibabu, akawagawia vidonge vya wiki nzima vilivyofungwa katika karatasi ya daftari. Dawa zilikuwa adimu. Tulizipata kwa wafadhili, na wafadhili walitaka orodha ya wakazi wa Buyenzi tu, wenye kitambulisho cha Buyenzi. Muuguzi alinivuta pembeni akaniambia wazi kwamba damu ya bibi isiposhuka, siku moja ataamka amepooza, au hataamka. Nilimpenda bibi yule. Sikutaka kumzika.

Damu haikushuka. Muuguzi akaongeza vidonge, na wiki mbili baadaye kipimo kikasema yale yale. Akaongeza tena. Mimi nikaamua kwamba tatizo ni chumvi. Nilimpekua bibi mfuko nikitafuta ndagala, wale dagaa wa chumvi, nisipate kitu. Nikamwagiza mpishi asitie chumvi kwenye maharage, sufuria nzima, kwa kuwa bibi alikuwa na tabia ya kubadilishana sahani na wenzake. Wazee wakakaa mbele ya chakula kama watu walio matangani. Mmoja akaniuliza kama chumvi ilichukuliwa na askari au na mimi.

"Bibi, unakula chumvi kwa siri," nilimwambia.

"Chumvi iko wapi, mutoto wangu? We ulishaificha yote."

Jumanne moja, muuguzi akiwa ameshaondoka, nilikwenda nyuma ya nyumba kuangalia bomba lililokauka. Nikamkuta bibi ameketi chini ya ukuta na mama mmoja mzee ambaye nilimjua kwa sura, kwa kuwa alikuwa akija kumsubiri nje. Huyo mama alikimbia kutoka mtaa wa Cibitoke nyumba yake ilipochomwa, akawa analala kwa jamaa zake mtaa wa jirani. Kitambulisho chake kiliteketea pamoja na vyote. Katikati yao palikuwa na karatasi ya daftari iliyofunguliwa, na bibi alikuwa akihesabu vidonge: kimoja chake, kimoja cha mwenzake.

Nilipandwa na mori. Miezi yote ile ya maharage bila chumvi!

"Bibi, hiyo dawa umeandikiwa wewe."

"Huyu naye iko na tansiyo. Kichwa inamuuma, hata kulala hawezi."

"Hayuko kwenye orodha."

"Muandike basi."

"Hana kitambulisho."

"Ndo maana tunagawana," alisema, kana kwamba mimi ndiye mgumu wa kuelewa. "Mutu anakunywa dawa peke yake, mwenzake anamuangalia? Mi si muchawi."

Yule mama wa Cibitoke alivirudisha vidonge vyake kwenye karatasi, kimoja kimoja, akainuka akaenda zake. Mimi nikamwambia bibi kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na nikahakikisha nimemwambia kwa sauti, wengine wasikie.

Tangu kesho yake vidonge vya bibi vikakaa kwangu, ndani ya kabati. Sharti lilikuwa moja: kila asubuhi aje avimeze vyote mbele yangu, la sivyo namfuta kwenye orodha. Nilitarajia vita, lakini hakubisha. Alimeza, akanywa maji, akaenda kukaa. Nakiri kwamba nilifurahi. Nikarudisha hata chumvi kwenye maharage.

Siku ya nne aliinuka kwenda msalani, akaushika ukuta, akaanguka. Wale mafundi wangu waling'oa mlango wa stoo kwenye bawaba kabla sijamaliza kupiga kelele, wakamlaza juu yake, wakambeba hadi zahanati. Muuguzi wetu ndiye aliyekuwa zamuni. Alimpima mara mbili kwa kutoamini. Damu ilikuwa imeshuka kupita kiasi.

"Alikuwa akimeza vingapi hasa?" aliniuliza.

Hapo ndipo nilipoelewa. Siku zote bibi alikuwa akimeza nusu. Kila vidonge vilipoongezwa, viliongezwa kwa mtu anayemeza nusu, na mimi nikamlazimisha ameze vyote. Habari ya nusu nilikuwa nayo kwa siku nne nzima, na sikumwambia muuguzi. Nilikuwa na shughuli ya kukasirika.

Muuguzi akapunguza dozi, akabakisha ile nusu tu. Nusu ya pili ilimtosha mtu mwingine. Nikarudi, nikachukua kalamu, nikamwandika yule mama wa Cibitoke kuwa mkazi wa Buyenzi. Ilikuwa kazi ya dakika moja, na hakuna mfadhili aliyewahi kuuliza. Nikatia vidonge kwenye mfuko, nikaenda kumtafuta.

Nilimkuta amelazwa kwenye mkeka, mdomo umevutwa upande mmoja, mkono wa kulia hauinuki. Jamaa zake walisema hali hiyo ilimwanza juzi, alfajiri. Alinitambua. Alijaribu kunikaribisha, maneno yakakataa kutoka, akanionyesha kigoda kwa mkono wa kushoto. Nilikaa. Vidonge nilikuwa nimevishika mkononi na sikujua niseme vilikuwa vya nini. Nikaona aibu, aibu ambayo mpaka leo sijaizoea.

Bibi alirudi baada ya wiki moja, amekonda. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Kusema kweli nilitamani anitukane mbele ya wote, awaambie alinibeba mgongoni na kwamba mama yangu angenikana. Aliniuliza tu kama mwenzake alipata dawa. Nikamwambia nilichelewa. Akaitikia, akaenda kukaa.

Kuanzia siku hiyo akawa ananiomba ruhusa. "Mutoto wangu, naweza kukaa hapa?" "Mutoto wangu, naweza kuenda choo?" Nilimwambia, Bibi, huna haja ya kuomba, nyumba ni yako. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, mwisho nikamsihi.

"Apana," alinijibu. "Mi nasikia vile unasema."

Na kila asubuhi alikuja mwenyewe hadi mezani kwangu, akameza dawa yake, kisha, bila mtu kumwagiza, akafungua mdomo wazi nihakikishe.