Mstari Mwekundu wa Rula

Idara ya Jiolojia ilikuwa na wataalamu wa kila aina: wa kupima mvuto wa ardhi, wa kupima usumaku wa miamba, na wawili watatu wa kupima subira za wenzao. Rula hakuwa mtaalamu. Alikuwa mchora ramani. Wenzake walikwenda porini miezi mitatu wakarudi na madaftari, ngozi zilizoungua na magomvi. Yeye alikaa ghorofa ya pili, kando ya dirisha lisilofunguka, akayageuza yote hayo kuwa mistari. Miaka ishirini na tisa. Jina alibandikwa na wenzake, naye akalizoea hadi mkewe akaanza kulitumia akikasirika.

Kazi alifundishwa na marehemu Mzee Wino, mtu aliyejisifu kwamba hajawahi kufuta mstari. Ramani yake ya mji bado ilining'inia ukumbini. Ufa wa ardhi unaopita chini ya mji, ule unaoweza kuleta tetemeko siku yoyote, aliuchora kwa wino mwekundu, umenyooka kutoka juu hadi chini, isipokuwa mahali pamoja ulipopinda kidogo, kama mtu anayekwepa dimbwi. Aliyeuliza aliambiwa miamba ina mambo yake. Msomi mmoja alipata udaktari kwa kuueleza mpindo ule.

Mwaka huu timu ilipima upya, kwa vifaa vinavyosikiliza mitetemo ya nyundo ardhini. Rula akaingiza vipimo kwenye kompyuta, ufa ukatokea umenyooka tangu mwanzo hadi mwisho. Mpindo haukuwepo. Alipoangalia mahali ulipokuwa zamani kuna nini, akakuta nyumba ya Mzee Wino.

Alicheka peke yake mpaka machozi. Kisha akaufuata mstari kuelekea mitaa mipya, ile ambayo ramani ya zamani haikuifikia, na kicheko kikakatika. Ulipita katikati ya nyumba yake mwenyewe.

Nyumba hiyo aliijenga kwa miaka kumi na minne, chumba kimoja kimoja. Sasa hataruhusiwa kuongeza hata choo, na mnunuzi atakayeiona ramani hatapiga hodi. Lakini milimita mbili kwenye ramani ni mita ishirini mtaani. Akiusogeza kiasi hicho, ufa utaingia sebuleni kwa jirani, muuguzi mstaafu anayelea wajukuu watatu.

Rula aliogopa, tena sana. Akausogeza. Mkuu wa idara alipita nyuma yake, akautazama, akasema, "Safi kabisa, Rula. Umetulia."

Saa kumi alasiri aliurudisha ulipokuwa. Akaituma ramani upesi kabla hajapata akili nyingine.

Nyumbani alimkuta mkewe akikunja nguo.

"Mama, hebu kaa kwanza."

"Nani kafa?"

"Hakuna. Ufa umepita kwetu."

Mkewe akaendelea kukunja. "Na mchoraji ni nani?"

"Mimi."

"Wewe, Rula, una akili kweli? Ulishindwa kuupisha pembeni?"

"Pembeni ni kwa jirani. Mzee Wino naye aliupisha pembeni mwa nyumba yake."

"Basi yule mzee alimpenda mkewe."

"Mkewe amelala juu ya ufa miaka thelathini, hajui."

Hapo mikono iliyokuwa ikikunja nguo ikasimama. Alitazama sakafu ya saruji aliyoipiga deki kila asubuhi.

"Kwetu unapita chumba gani?"

"Cha kitindamimba."

Aliinuka akaelekea huko. Rula akamfuata, amejiandaa kutukanwa, na aliona anastahili. Mkewe alikuwa amesimama chumbani kwa binti yao mbele ya kabati kubwa la mbao, lile zito lililoegeshwa ukutani kichwani mwa kitanda.

"Shika upande huo," alimwambia. "Tulitoe kabla mtoto hajarudi kutoka shule."