Tairi za Lami

Juzi alfajiri nilipewa lifti kutoka Jego hadi Msambweni na mama mmoja jirani yangu mwenye gari dogo la kubebea samaki. Nyuma aliketi mke wa mwanawe, uchungu wa kuzaa umemshika. Petroli ilikuwa chini ya robo tangi, na vituo havijafunguliwa.

"Itatufikisha, mama?" mgonjwa aliuliza.

"Inshallah, mwanangu. Zile tairi za meno makubwa nimezitoa, nikafunga hizi laini. Zilikuwa za matope, na sisi twaenda lami."

Niliingiwa na hofu, kwani mwezi uliopita gari hilohilo lilizima njiani likiwa na mafuta kama hayo. Lakini safari hii lilikwenda kwa wepesi, bila ule mngurumo wa tairi, hata tukasikia kila pumzi ya mgonjwa.

Hospitalini, mama aliinama akagusa kioo cha geji ya mafuta. "Subhanallah! Bado yamo."

Kabla ya adhuhuri mkunga alitutolea habari ya mtoto wa kike. Mama alifuta machozi, akatoka, akazipapasa tairi moja moja.

"Mpira tu huu, ndugu yangu!"

Nami miaka yote nimekuwa nikiisingizia injini ya gari lake kwamba ndiyo inayokula mafuta.