Kamba Iliyolowa

Usiku ule, wajukuu zangu, nililala fofofo, nimefurahi kama bibi harusi. Asubuhi yake bwana ardhi alikuwa anakuja kutuandikia hati. Miaka yote tumekaa huku mbugani bila karatasi, sasa mipaka inaandikwa, na ikishaandikwa ndiyo basi tena.

Basi, naota. Kumbe ni mchana, jua kali, na mbuga iko vile vile kama tulivyoikuta tulipohamia: majani yananifika kifuani, nyumba hata moja hakuna. Babu yenu, Mungu amrehemu, anakuja pekupeku, kijana, meno yote mdomoni! Begani ana kamba ya katani, inachuruzika maji.

"Mama Masanja," ananiambia, "shika ncha."

Nikashika. Hata sikumuuliza katoka wapi.

Ndivyo tulivyopima siku ile ya kwanza. Serikali ilitupa kipande kimoja, sisi na jirani yetu Mama Kulwa, ikasema fyekeni, jengeni, mgawane nusu kwa nusu. Asubuhi babu yenu akapima kipande chote, kamba ishirini. Mvua ikatupiga, tukalowa sisi, ikalowa na kamba. Mvua ilipokatika akahesabu kamba kumi za Mama Kulwa kuanzia kule korongoni, akapanda minyaa ya mpaka. Kilichobaki kikawa chetu. Tangu hapo Mama Kulwa analalamika kwake kudogo, anapima kwa miguu, na mimi namcheka: "Weee, na hatua zako hizo za kitoto, utatimiza lini?" Naye hanyamazi: "Cheka tu, mwenye miguu ya mbuni!"

Sasa ndotoni tunapima upya, mimi na babu yenu. Jua linawaka, kamba inakauka mikononi mwangu, na inarefuka, naiona kwa macho yangu, inavutika kama mlenda! Tunafika ya kumi, minyaa tumeshaiacha nyuma. Mara majani hayapo tena. Ni shamba letu la leo, mahindi yametoa mbelewele, na babu yenu kakaa juu ya kaburi lake mwenyewe, anajifuta jasho. Nikatazama. Mahindi yale mazuri na kaburi, vyote viko upande wa Mama Kulwa.

"Kamba ikilowa inafupika," anasema taratibu. "Sikujua, mke wangu. Nimekuja kujua huku."

"Sasa wewe nikuhamishe?"

Akacheka, kile kicheko chake cha kujipiga goti. "Niache hapa hapa. Ila mwenye shamba aambiwe."

Nikaamka. Kunapambazuka, baba yenu Masanja yuko uani anapiga mswaki. Nikamsimulia yote. Mswaki ukamganda mdomoni.

"Mama, mahindi yote yale? Na kaburi la baba? Bwana ardhi si yuko njiani?"

"Ndiyo maana nawahi."

Nikajitanda kanga, nikapita kwenye umande mpaka kwa Mama Kulwa. Nikamkuta anapuliza moto, macho mekundu kwa moshi.

"Hodi, jirani."

"Karibu. Mbona alfajiri hivi, kuna msiba?"

"Hakuna msiba," nikamwambia. "Mume wangu amelala shambani kwako miaka yote hii, na hakukuomba. Nimekuja kumwombea."